Koti Liko Kikaoni

Tulieni niwasimulie, na asiyetaka kutulia aje asimulie yeye. Palikuwa na nchi. Jina lake halisi sitalitaja kwa sababu bado nina watoto wa kusomesha, lakini wenyewe kwa utani waliiita Jamhuri ya Mchakato. Mji wake mkuu uliitwa Hatua za Mwisho, na ulikuwa katika hatua za awali za kujengwa tangu enzi za mababu. Nawaombeni sana msiifananishe nchi hiyo na nchi yoyote mnayoijua. Mkifananisha, shauri yenu, mimi simo.

Basi siku moja wataalamu wa Serikali ya Mchakato walitoka kwenye warsha wakiwa na shibe na ugunduzi. Waligundua kwamba nchi haiendelei kwa sababu kazi zinafanywa kwa Kiswahili. Kazi ikitajwa kwa Kiswahili, walisema, kila mtu anaielewa. Kazi ikieleweka inafanyika, na ikifanyika inaisha, na ikiisha watumishi watakaa pale wafanye nini? Mwambie mtu "panga haya mafaili." Atayapanga, saa nne asubuhi kamaliza, ataanza kukaa na kuwaza mambo ya nchi. Hatari tupu! Lakini mtu huyohuyo mwambie afanye "dokumenti manejimenti." Loo! Ataitisha miiting, miiting itaunda kamati, kamati itaomba kwenda kujifunza nchi za nje, na mafaili yatabaki salama pale sakafuni yalipo.

Serikali ikaagiza maneno ya Kiingereza kutoka ng'ambo, maneno ya kazi na watumishi, yakaja shehena kwa shehena. Wizara ya Utumishi ikavuliwa jina lake, ikaitwa Hyuman Risosi. Tangu siku hiyo mtumishi hakupimwa kazi yake tena, alifanyiwa apreizo. Hakukaripiwa, alipewa fidibaki. Aliyechelewa kufika hakuwa amechelewa, alikuwa na chalenji ya taimu manejimenti. Na ugomvi wa kugombea birika la chai, ambao zamani uliisha kwa mmoja kusema "yaishe ndugu yangu," sasa uliitwa konflikti rezolusheni, na ulihitaji mwezeshaji, ukumbi na hoteli ya kulala.

Lakini jamani, maneno ya gharama namna ile, kila mtu ayachezee tu mdomoni kama karanga? Haiwezekani. Maneno yakapangwa kwa vyeo. Madereva walipewa "ofisi" na "ripoti." Makarani wakaongezewa "miiting." Maafisa walikuwa na "dedilaini," ila waliitaja tu, hawakuruhusiwa kuitimiza. "Stratejiki" ilikuwa ya Naibu Mkurugenzi kwenda juu. Mtumishi akitamka neno la cheo kisicho chake, alihesabika ameiba mali ya umma. Dereva mmoja aliwahi kusema kwamba njia ya kupitia sokoni ni ya kistratejiki zaidi. Alisimamishwa kazi, na hakurudishwa mpaka alipoapa kwamba alikusudia kusema "fupi."

Na mtu akipewa neno jipya, hapo tena! Ilikuwa kama mwali anatolewa ndani. Kadi za mchango zinatembea, mbuzi anachinjwa, mshereheshaji anakodiwa. Mhusika anavishwa shada la maua, anasimama mbele ya watu, analitamka neno lake kwa mara ya kwanza hadharani, na akina mama wanapiga vigelegele. Wengine walilia kwa furaha.

Katika wizara hiyo alikuwamo afisa mmoja aitwaye Hamduni Kilongola, mtu wa makamo, mpole, amekaribia kustaafu. Neno lake kubwa lilikuwa "notidi," yaani nimeona na nimeelewa. Alipewa neno hilo miaka mingi iliyopita kwa pilau na taarabu, na tangu hapo hakuongezewa jingine. Akiletewa faili, "Notidi." Akitukanwa na wakubwa, "Notidi." Wala hakulalamika, maana alikuwa na furaha yake nyingine. Alikuwa na binti mmoja tu, Hidaya, na Hidaya alikuwa anaolewa Ijumaa inayokuja, mjini Kwadelo, safari ya siku nzima kwa basi.

Hapo ndipo tatizo lilipoota mizizi. Ili asafiri, Hamduni alihitaji likizo. Lakini "likizo" na "ruhusa" yalikuwa yamefutwa wizarani, eti ni maneno ya watoto wa shule. Badala yake kulikuwa na "aniuali liivu," na neno hilo lilikuwa zito mno, ghali mno, likakabidhiwa mtu mmoja tu katika wizara nzima: Mkurugenzi, Dakta Erasto Lugendo. Yeye peke yake ndiye aliyeruhusiwa kulitamka na kuligawa. Na atakayeondoka kazini bila hilo ameabskondi, ambalo ni neno la Kiingereza la kutoroka, na aliyetoroka hafukuzwi tu, anapoteza na pensheni yake yote.

"Sasa kama hutakuja," mkewe, Bi Sikudhani, alimwambia Jumatatu usiku akiwa anachambua mchele, "atakayemuozesha mtoto ni Mrisho."

Hamduni alishika kichwa. Mrisho alikuwa mdogo wake, mtu mwema, anaswali, lakini hakuwahi kushika jambo lisiharibike. Alipomuozesha mpwa wake mwaka juzi alitaja jina la mpambe badala ya jina la bibi harusi. Ilichukua mpaka alasiri kumrudisha kila mtu kwa wake, na mpambe alikuwa ameshaanza kupenda.

"Baba Hidaya, mwanao amepiga simu analia," Bi Sikudhani aliendelea. "Anasema hataki kuozeshwa na ba'mdogo. Anamtaka babaake. Mimi kesho naondoka kwenda kupika. Wewe kamwone huyo Mkurugenzi wako."

"Notidi," alijibu Hamduni kwa mazoea.

"Unanijibu hivyo mimi?"

"Nimesikia, mama. Nimesikia."

*

Jumanne asubuhi Hamduni alibisha hodi kwa katibu wa Mkurugenzi, dada mmoja mchangamfu aitwaye Tumsifu.

"Dada Tumsifu, Mkurugenzi yupo?"

"Yupo," alijibu Tumsifu bila kuinua macho kwenye kucha zake.

"Naweza kumwona?"

"Mwone."

Hamduni alichungulia. Kwenye kiti kikubwa cha kuzunguka palikuwa na koti la kijivu, limetundikwa mgongoni mwa kiti, kalamu mbili mfukoni. Mezani kulikuwa na miwani na glasi ya maji iliyofunikwa. Zaidi ya hapo hapakuwa na mtu.

"Mbona ni koti tu?"

"Kaka Hamduni," Tumsifu alisema kwa sauti ya kumwonea huruma, "koti la bosi likiwa kitini, bosi yupo. Umeanza kazi leo?"

Ni kweli, hilo hata ninyi mnalijua. Mkubwa yeyote wa Mchakato hufika asubuhi, akatundika koti kitini, akatoka kwenda kwenye mabanda yake ya kuku. Akiulizwa, "yupo, ametoka kidogo, si unaona koti?" Dakta Lugendo naye aliishi hivyo miaka yote, na kuku wake walikuwa wanene. Ila safari hii, baada ya kujisimamisha mbele ya kioo na kujipa aniuali liivu kwa mkono wake mwenyewe, alikuwa ameondoka kabisa, na koti akalisahau.

"Basi ameenda wapi?" Hamduni alinong'ona.

Tumsifu alitazama kulia na kushoto. "Ameenda kwenye kile kitu chenyewe unachokitaka wewe."

"Kwenye...?"

"Weee! Funga mdomo! Si neno lako, wala si langu. Mwenye ruhusa ya kulisema ni yeye, na yeye hayupo. Yaani, yupo. Sasa kama hakuna anayeruhusiwa kusema alipo, tutaandikaje kwamba hayupo? Na kisichoandikwa, wizarani hapa, hakijatokea. Kwa hiyo yupo. Anaendesha vikao, anapokea wageni, mwezi uliopita kawa mtumishi bora. Una shida gani?"

"Binti yangu anaolewa Ijumaa."

"Masikini. Subiri kesho kwenye miiting, kwenye mengineyo. Mwombe mwenyewe."

"Nimwombe nani?"

Tumsifu alielekeza kidevu chake kwenye koti.

*

Miiting ya Jumatano ilianza saa tano badala ya saa tatu, kwa sababu ya chalenji ile niliyowatajia. Koti lilisukumwa ukumbini likiwa kitini mwake, watu wote wakasimama. Lilipofika mbele wakakaa. Naibu Mkurugenzi, Bwana Chogero, mtu mwenye tumbo na sauti ya kulilingana, alinyanyuka kutoa utangulizi.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, Mkurugenzi wetu mpendwa," alisema akiinamia koti, "wakuu wa vitengo, maafisa waandamizi, maafisa wasio waandamizi lakini wanaotamani, dada zetu wa masijala, ndugu zetu wa usafi ambao hawamo humu lakini tunawasikia wakifagia, itifaki yote imezingatiwa! Kwa namna ya pekee kabisa, ya kistratejiki, naomba nikupongeze Mwenyekiti kwa lidashipu yako. Sisi tuliokuwa nawe zamani tunakumbuka ulivyokuwa ukituingilia maneno, ukitufokea, ukisinzia. Siku hizi umebadilika! Unasikiliza mpaka mwisho. Hukatizi mtu. Huna upendeleo. Hata lugha kali hatujaisikia tena. Juzi Mheshimiwa Waziri alipita hapa, akatuhutubia tangu asubuhi mpaka adhuhuri, sote tukasinzia, ni wewe tu uliyekaa wima mpaka mwisho. Mheshimiwa alisema hajawahi kupata msikilizaji kama wewe. Makofi kwa Mwenyekiti!"

Makofi yalipigwa. Ajenda zikaenda moja baada ya nyingine. Kila hoja ilipomalizika Chogero aliuliza, "Mwenyekiti, una pingamizi?" Koti likanyamaza, na kwa kuwa kunyamaza ni kukubali, hoja zote zilipita. Nasikia siku hiyo walipitisha kununua ngazi ya kupandia ngazi. Wakafika kwenye mengineyo, na Hamduni akanyoosha mkono.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," alianza, akilizunguka lile neno kama mtu anayemzunguka ng'ombe mkali, "nina binti. Ijumaa binti huyo ana... jambo la heri. Mji wenyewe uko mbali. Naomba, yaani, mwili wangu uwe kule, na kibali kiwe hapa."

Chogero alipapasa tumbo lake. "Bwana Hamduni, umekaribia sana kutamka kitu kisicho chako. Nakuonya. Hata hivyo, hilo ni la Mkurugenzi mwenyewe. Mwenyekiti, unasemaje?"

Watu wote waligeuza shingo kulitazama koti. Hamduni aliomba dua zote alizozijua. Na hapo, wallahi, umeme uliokuwa umekatika tangu asubuhi ukarudi. Feni ya juu ikaanza kuzunguka. Upepo ukaingia kwenye mkono wa kulia wa lile koti, mkono ukajaa, ukainuka, ukamwelekea Hamduni na mlango ulio nyuma yake, halafu ukaanguka taratibu.

"Amekubali!" alipaza sauti karani mmoja.

"Amekubali nini? Kamfukuza! Hukuona alivyomwonyesha mlango?"

"Jamani," alisema Tumsifu, "si vyote viwili ni aende?"

"Dada Tumsifu, andika mihutasari," Chogero alimkatiza. "Jambo hili ni zito. Huu ni mwelekeo wa uongozi, hatuwezi kuukisia kienyeji. Naunda kamati ya kutafsiri mkono. Kamati itasafiri, itajifunza, itawasilisha ripoti baada ya miezi sita."

"Harusi ni keshokutwa!" Hamduni alisema.

"Basi mwambie bwana harusi avute subira. Ndoa ni uvumilivu," alisema Chogero, na kikao kikafungwa kwa sala.

*

Jioni ile Hamduni alimpigia mkewe, ambaye alikuwa ameshafika Kwadelo na yuko jikoni. Kelele za sufuria zilisikika nyuma yake. Alimweleza yote, la koti, la feni na la kamati. Bi Sikudhani alifunika sufuria kwanza.

"Baba Hidaya, nisaidie kidogo nielewe. Sisi tulifundishwa kwamba asiyekuwepo na lake halipo. Kumbe huko kwenu asiyekuwepo, lake lipo na linaendesha kikao?"

"Ndivyo ilivyo."

"Na wewe huna koti?"

Hamduni alitazama mlango wa chumbani. Koti alikuwa nalo. Moja tu. La bluu iliyokolea, limeshonwa kwa ajili ya harusi hii hii, bado lilinukia chumba cha fundi. Alikuwa amelitundika nyuma ya mlango wa chumbani, na kila jioni kwa wiki mbili alikuwa analijaribu mbele ya kioo akijifanya anapokea pongezi.

"Mama Hidaya, lile ni la harusi. Nikiliacha ofisini, nitakuja kumkabidhi mwanangu nimevaa shati? Mbele ya wakwe? Mrisho ana suti ya vipande vitatu!"

"Hilo ni lako wewe na roho yako. Mimi vitunguu vinaungua," alisema mkewe, akakata simu.

Hamduni hakulala vizuri. Alilitazama koti, koti likamtazama. Karibu na alfajiri alisimama akasema kwa sauti, kama vile kuna mtu humo chumbani, "Bora mwanangu anione mimi bila koti, kuliko alione koti bila mimi." Akaoga, akalibeba begani, akafika wizarani kabla ya wafagiaji. Alilitundika mgongoni mwa kiti chake, akalinyoosha mabega, akaweka kalamu mfukoni na glasi ya maji mezani, akaifunika. Halafu akatoka kwa mlango wa nyuma akinyata, maana hakuna aliyejua kama mtu wa cheo chake anaruhusiwa kuwepo bila kuwepo. Basi la asubuhi alilidaka likiwa linaondoka.

*

Kwadelo palikuwa pamefurika. Hamduni alichelewa, basi lilipata pancha mara kwa mara njia nzima, likalala barabarani, na alipofika Ijumaa baada ya swala, watu walikuwa wameshakaa mkekani. Shehe alikuwa ameshamshika bwana harusi mkono. Kwa mkono wa pili alikuwa amemshika Mrisho, ndani ya suti yake ya vipande vitatu, jasho linamtiririka, midomo inajizoeza majina.

"Subirini!" Hamduni alipiga kelele, shati limemganda mgongoni, vumbi mpaka kwenye kope. "Baba wa bibi harusi ni mimi!"

Wazee wa upande wa bwana harusi walimpima kuanzia kichwani mpaka kwenye ndara. Walikuwa raia wema wa Mchakato. Mmoja alimgeukia mwenzake. "Baba si huyu mwenye koti?"

"Ndiye huyu. Yule atakuwa dereva."

"Kaka, si ulisema hutapata nafasi?" Mrisho alisema, na mimi nadhani alishukuru Mungu, ila alishindwa kuuachia mkono wa shehe kwa woga. "Mimi nilishaanza. Nilikuwa naenda kusema, nimekuozesha binti yetu Mwajabu..."

"Mwajabu ni mama yetu, Mrisho!"

Watu wakaanza kunong'ona. Shehe akauliza nani ana kitambulisho. Ndipo pazia la chumba cha wanawake lilipovutwa kwa nguvu, shungi la bibi harusi likatokeza, mwali mwenyewe, ambaye kwa desturi hatakiwi hata kukohoa siku hiyo.

"Babaangu ndiye huyo asiye na koti!" Hidaya alisema kwa sauti iliyofika barabarani. "Ningemjua hata angekuja na taulo!"

Vigelegele vililipuka mle ndani, Bi Sikudhani akivianza. Hamduni alikaa mkekani, akaushika mkono wa mkwewe. Shehe alipomwambia, "Haya mzee, sema," lililomtoka kwanza ni "Notidi."

"Hapana, mzee."

"Samahani shehe. Ni kazi." Akajifuta uso, akasema yote kwa Kiswahili kizuri, jina la binti yake bila kukosea, na Hidaya akaolewa. Usiku ule Hamduni alicheza ngoma mpaka ndara ikakatika.

*

Jumatatu alirudi wizarani akiwa amejiandaa kwa lolote. Askari wa getini alimnyooshea mkono.

"Mgeni, unakwenda kwa nani?"

"Mgeni? Mimi ni Hamduni Kilongola!"

Askari alicheka mpaka kofia ikamhama. "Mzee, usinifanye mtoto. Bwana Hamduni yupo ndani tangu Alhamisi, hajatoka hata kunywa chai. Kale kazee ni kachapakazi! Wewe umevaa shati."

Hamduni hakuwa na la kufanya. Aliomba aruhusiwe kumwona Bwana Hamduni, akapita kama mgeni. Mlangoni alimkuta Tumsifu amevaa sare ya sherehe.

"Kaka Hamduni, hongera!" Tumsifu alimdaka mkono. "Umekuwa Mkurugenzi!"

"Mimi?"

"Koti lako. Sikiliza basi. Sifa za lile la Dakta Lugendo zilifika Ikulu. Jumamosi limeteuliwa balozi, likaapishwa. Bwana Chogero ndiye aliyelinyanyua mkono, akalia kama mtoto. Nafasi ikawa wazi, ikafanyika intavyuu jana, Jumapili. Aliyeingia kwanza ni Chogero, akashindwa."

"Alishindwaje?"

"Aliongea. Likaingia koti lako. Likaulizwa: taja udhaifu wako. Kimya. Panelisti wakaandika, hana. Likaulizwa: baada ya miaka mitano unajiona wapi? Likabaki palepale kitini. Wakasema huyu ana msimamo. Likaulizwa linataka mshahara gani, likanyamaza, mwenyekiti wa paneli akalikumbatia. Haya njoo, leo linapewa neno."

Ukumbini palipambwa maputo. Koti la bluu la Hamduni lilikaa mbele, shada la maua shingoni, keki mezani pake. Mshereheshaji alipaza sauti: "Na sasa, Mkurugenzi wetu mpya atalitamka neno lake kwa mara ya kwanza! Tulieni!"

Koti likanyamaza. Chozi likamtoka mama mmoja wa masijala. Na Hamduni, pale mlangoni, alikumbuka miaka yote ya notidi, akashindwa kujizuia.

"Aniuali liivu!" alisema.

Chogero aligeuka, macho yamemtoka. "Nani huyo? Mtu na shati lake analitamka neno la Mkurugenzi, mbele ya Mkurugenzi?"

Walimkamata juu juu. Kesi yake ilisikilizwa palepale, keki ikikatwa. Kumwadhibu kama mtumishi kulishindikana, kwa sababu mtumishi Hamduni alikuwa amekaa mbele amevaa maua. Ikaamuliwa kwamba huyu mwingine asikanyage tena eneo la wizara maisha yake yote. Mshahara wa Mkurugenzi Hamduni, wao walisema, uendelee kuingia benki palepale unapoingia siku zote, na Mkurugenzi Hamduni aendelee kuchapa kazi. Koti lilipoulizwa kama lina pingamizi, halikuwa nalo.

Hamduni alitupwa nje ya geti akiwa anacheka. Alivuka barabara mpaka kwenye kibanda cha chai, akaagiza chapati, na hapo akamwona mtu aliyemfahamu. Dakta Erasto Lugendo alikuwa amekaa kwenye benchi, shati la maua maua, sura imebabuka kwa jua la kule alikokuwa.

"Shikamoo, Dakta."

"Hamduni! Alhamdulillahi, umenijua!" Mzee alimshika mkono kwa nguvu. "Askari hanitaki. Ananiambia Dakta Lugendo ni balozi, ameshaondoka na ndege. Nimekwenda nyumbani kwangu, mlinzi kanizuia, mke wangu kachungulia dirishani akasema mume wake yuko ng'ambo, amemtumia picha, amependeza. Kuku wangu wenyewe wamenikimbia. Hebu nishauri, wewe umefanyaje? Maana nasikia na wewe huna koti."

Hamduni alimega chapati, akamgawia nusu.

"Mimi, Dakta, walipokataa kunijua, mwanangu alitokeza kwenye pazia akasema, babaangu ndiye huyo asiye na koti. Ikaisha. Sasa fikiri vizuri, bila haraka. Wewe, ni nani anayekujua bila koti?"

Dakta Lugendo aliweka chapati yake kwenye benchi. Akaangalia juu, akaangalia chini, akaanza kuhesabu kwenye vidole, akakishika kidole cha kwanza. Chai yake ikapoa, mwenye kibanda akaitoa, akamwekea nyingine. Nasikia hata jana alikuwa bado amekaa pale, amekishika kidole kilekile, anafikiri.